Jozi Thelathini na Moja Mlangoni

Nina miaka arobaini na saba na nimestaafu. Nikisema hivyo pale stendi ya Bagamoyo watu hucheka, kisha huniuliza nimestaafu kutoka ofisi gani. Nawajibu kwamba nimestaafu kutoka barazani kwa Bi Tatu. Wenye watoto huacha kucheka. Wasio na watoto huendelea, nami sina haraka nao.

Zuhura, ambaye sasa ndiye anayeongoza darasa, ameniomba niwaandikie ninyi mliokuja kujitolea mwaka huu na wale watakaokuja nyuma yenu. Alisema niandike "uzoefu". Neno hilo linanitia wasiwasi, maana watu wakiliandika huishia kuorodhesha vyeti na semina. Vyeti ninavyo viwili, na kimoja kimeliwa na mchwa. Kwa hiyo nitaandika juu ya siku yangu ya kwanza, vitu tulivyofanyia kazi, mwanamke aliyenifundisha, na kosa nililofanya mwaka wangu wa pili ambalo nusura lifungishe darasa. Mkisoma hilo la mwisho tu, inatosha.

Kabla ya watoto nilikuwa mtu wa kuhamahama. Nilimaliza kidato cha nne na tangu hapo nikashindwa kukaa mahali. Nilikuwa Pangani mwaka mmoja nikibeba mizigo ya duka. Nikaenda Saadani, nikaanika dagaa na wavuvi. Nikashuka Makurunge kufyeka mashamba ya watu. Kila nilipofika nilipapenda mwezi wa kwanza. Ikitokea nimekosea, na mtu akaninyooshea kidole, nilifunga begi alfajiri nikaondoka bila kumuaga yeyote. Mama yangu alikuwa akisema nina miguu ya kuazima. Hata leo nikipita mahali dagaa wanakauka juani, harufu ile hunivuta, nikawa nimesimama tu njiani kama niliyesahau nilikokuwa naenda.

Nilirudi Bagamoyo nikiwa na miaka ishirini na mitano, nikawa natengeneza baiskeli mtaani kwetu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu aliishi Bi Tatu, mjane ambaye zamani alikuwa mpishi wa hospitali. Mtaa wetu una wanawake wengi wanaokaanga samaki sokoni. Wanatoka asubuhi, na watoto wasiofikia umri wa shule walikuwa wakiwafuata huko huko, wanacheza katikati ya makarai ya mafuta yanayochemka. Mtoto mmoja aliungua mguu vibaya. Bi Tatu hakuitisha mkutano wala kuandika barua. Alitandika mikeka barazani kwake, akawaambia akina mama wamletee watoto kuanzia saa moja na nusu hadi saa sita. Darasa lilianza hivyo. Hakuna mtu aliyelipwa, wakati ule wala sasa.

Siku yangu ya kwanza sikwenda kufundisha. Niliitwa kutengeneza kilango cha baraza kilichong'oka bawaba. Nikiwa nimepiga magoti na nyundo mkononi, Bi Tatu alitoka na mkoba.

"Shomari, mwanangu, nishikie watoto hawa kidogo. Nakwenda kufuata dawa ya presha, narudi sasa hivi."

"Mimi, bibi? Mimi nimekuja kwa ajili ya mlango."

"Basi ukae mlangoni."

Akaenda zake. Walikuwepo watoto ishirini na kitu, wote wananitazama kama samaki mgeni. Mmoja wa kiume, hana meno mawili ya mbele, akanisogelea.

"Wewe ni mwalimu au fundi?"

"Fundi."

"Haya, mtengeneze huyu. Analia tangu asubuhi."

Akanisukumia mwenzake, kamasi hadi kidevuni. Sikujua la kufanya. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kuwasimulia jinsi tembo wanavyotoka porini kule Saadani na kufika hadi ufukweni, na jinsi mimi niliyekuwa naanika dagaa nilivyokimbia nikaacha kiatu kimoja. Aliyekuwa analia akanyamaza ili asikie kiatu kilipata nini. Nilikuwa sijafika mwisho Bi Tatu aliporudi. Nikasimama nichukue nyundo yangu.

"Kiatu?" yule asiye na meno akauliza.

"Kesho," nikasema, kama mtu mzima anavyosema neno hilo.

Asubuhi iliyofuata walikuja watatu hadi kwenye baiskeli zangu, wameshikana mikono, kudai kiatu. Nikaenda kuwamalizia. Ila mtoto wa miaka minne ukimmalizia hadithi anataka nyingine, nami kwa kuhama kwangu kote nilikuwa nazo nyingi. Ndivyo nilivyoingia kazini. Kila siku niliahidi kesho, na kila kesho ilinibidi niwepo. Kwa mara ya kwanza miguu yangu ilikuwa na kitu cha kuizuia.

Wanaume wenzangu pale kwenye baiskeli walinitania. "Shomari, leo umenyonyesha wangapi?" Mwingine anauliza kama nimeshachagua khanga. Niliwajibu kwamba khanga ninazo, nakosa sidiria tu. Wakichoka kucheka hutaka kujua kama nafasi ipo kwa mtoto wao.

Bi Tatu alinifundisha bila kuniambia kwamba ananifundisha. Jambo la kwanza lilikuwa salamu. Kila mtoto aliyefika alivua ndara zake pale mlangoni, akapanda barazani na kutoa shikamoo, naye Bi Tatu akamwitikia marahaba, mmoja mmoja, akimtaja jina na kumtazama usoni. Mimi nilikuwa naitikia kwa jumla, "marahaba, marahaba, ingieni." Akanivuta pembeni.

"Wamekuja watoto thelathini. Umetoa marahaba ngapi?"

"Mbili, tatu hivi."

"Basi wengine wamerudi nazo nyumbani."

Tangu siku ile niliitikia zote. Inachukua muda, lakini ukimaliza unajua nani hajalala, nani ana homa, nani amepigwa, nani amekuja na kisu cha mama yake mfukoni. Sijawahi kupata semina iliyonipa zaidi ya hapo.

Jambo la pili lilikuwa sauti. Nilinunua filimbi, nikidhani nitawatuliza kama refa. Siku ya tatu watoto sita walikuja na filimbi zao. Bi Tatu alitabasamu na kuendelea kuchambua mchele. Yeye akitaka kimya alishusha sauti hadi ikawa lazima watoto wamsogelee ili wamsikie. Jaribuni hilo. Linafanya kazi pia kwenye vikao vya watu wazima, ingawa watu wazima huchukua muda mrefu kidogo kuona aibu.

Vitu vyetu vya kazi vilikuwa vichache. Mikeka minne. Sinia kubwa la bati lililojaa mchanga wa pwani uliochekechwa, ambamo watoto waliandika herufi kwa kidole na kufuta kwa kiganja. Vifuu vya nazi vya kuhesabia. Sufuria ya uji na vikombe vya plastiki, kila kimoja na alama ya rangi ya kucha. Ndoo na kata ya kunawia. Na nyuma, uani, choo, na mlangoni pake jozi mbili za ndara kubwa za chooni, kama zilivyo katika kila nyumba ya kwetu. Mtoto anayekwenda haja havai ndara zake safi. Anaingiza miguu katika zile kubwa, anaburuza, anamaliza, anaziacha palepale.

Nawaeleza hili la ndara kwa sababu kosa langu lilikaa humo.

Mwaka wa pili tulikuwa na watoto thelathini na mmoja, na tulikuwa watu watatu: Bi Tatu, mimi, na Zuhura, binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Kazi ya kuhesabu watoto ilikuwa yangu. Bi Tatu alikuwa akihesabu kwa kugusa vichwa, akimtaja kila mtoto jina. Niliona ni kupoteza wakati. Watoto hawatulii. Ukifika wa kumi, wa tatu ameshahamia kwa wa ishirini. Siku moja nikaona ndara zimepangwa mlangoni, nikazihesabu, zikawa jozi thelathini na moja kamili. Nilifurahi kama mtu aliyegundua kitu. Viatu havikimbii, nikajisemea. Tangu hapo nilihesabu ndara nikiwa nimesimama, mikono mfukoni, kwa muda usiozidi kunywa nusu kikombe cha chai. Sikumwambia Bi Tatu. Nilikuwa nasubiri siku ya kumwonyesha jinsi nilivyorahisisha kazi.

Siku yenyewe Bi Tatu alikuwa amekwenda mazikoni Kaole. Tukabaki mimi na Zuhura. Saa nne tuligawa uji, nikahesabu mlangoni: thelathini na moja. Saa tano nikahesabu tena: thelathini na moja. Nikamwambia Zuhura wote wapo, naye akaniamini, maana mimi ndiye mkubwa.

Saa sita akina mama wakaanza kuja. Mtoto anashuka, anavaa, anaondoka. Safu ya ndara ikapungua hadi ikabaki jozi moja, ndogo, yenye mikanda myekundu. Mama Mwajuma alikuwa amefika, ana mtoto mchanga mgongoni. Siku ile hakwenda sokoni, alikuwa ametoka kliniki. Akaziokota zile ndara, akazikung'uta mchanga, akaita, "Mwajuma, twende."

Baraza lilikuwa tupu. Mikeka, vikombe, sinia la mchanga.

"Yuko chooni," nikasema.

Zuhura akakimbia uani. Akarudi amebadilika uso. "Hayupo. Na ndara za chooni iko jozi moja tu. Na mlango wa uani uko wazi."

Mama Mwajuma hakupiga kelele. Alisimama palepale, ndara mkononi, akauliza, "Ametoka lini?" Kwa hesabu yangu mtoto yule alikuwepo saa nne, alikuwepo saa tano, na alikuwepo hata wakati ule.

Kuna kisima nyuma ya nyumba za mtaa wetu, kisicho na mfuniko. Nilikimbilia huko kwanza. Nililala kifudifudi ukingoni nikachungulia, nikaona kichwa cha mtu majini. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni changu. Nikainuka, nikasikia Mama Mwajuma akisema nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "Atakuwa amenifuata sokoni. Asubuhi sikumwambia nakwenda kliniki."

Tulikimbia hadi soko la samaki. Mahali pa Mama Mwajuma karai lilikuwa limefunikwa, moto haujawashwa. Mwajuma alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguuni ndara za chooni zinazomzidi mara mbili, mkononi mkia wa samaki. Hatua moja kutoka alipokaa, mafuta ya jirani yalikuwa yanachemka. Yule jirani akasema bila kugeuka, akipindua vibua vyake, "Mwanao ana adabu. Ametulia hapa tangu saa tatu na nusu, nikajua umemtuma alinde mahali."

Mwajuma akatutazama. "Mama, umechelewa," akasema. Kisha akakumbuka adabu yake. "Mjomba, shikamoo."

Niliitikia. Sijui kwa sauti gani.

Habari ikafika mtaani kabla yetu. Kufikia saa nane ilikuwa na mwenye kosa: yule binti wa chooni. Zuhura ndiye aliyekuwa zamu ya uani, na wakati Mwajuma alipotoka yeye alikuwa anamwosha mtoto mwingine aliyeharisha. Watu walimpita barabarani wakisema kwa nguvu ili asikie kwamba mabinti wa siku hizi macho yao yako kwenye simu. Hakuwa na simu. Mimi hakuna aliyeniuliza lolote. Akina mama wakatangaza kikao baada ya sala ya alasiri, palepale barazani, kuamua kama darasa lifungwe.

Nilikwenda nyumbani nikafunga begi.

Bi Tatu alirudi kutoka Kaole akanikuta nimekaa kizingitini, begi mapajani. Alikuwa bado na khanga ya msibani kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Pangani, bibi. Kuna kazi nimeitiwa."

"Imeita leo hii?"

Nikavuta zipu ya begi.

"Zuhura nimemkuta analia. Anasema ulihesabu mara mbili. Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Ulipata wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Watoto?"

Nilitazama chini. "Ndara, bibi."

Akakaa kando yangu taratibu, kama anavyokaa mtu mwenye magoti mabovu. "Watoto wana macho, wana kelele, wana kamasi," akasema. "Wewe ukaona ndara."

"Nikisema, watasema mwanamume hawezi kulea. Watalifunga."

"Usiposema, watalifunga kwa kosa la Zuhura, naye atatembea nalo mtaa huu mpaka aolewe. Sikiliza, Shomari. Mimi sitakusemea. Nitakaa pale nisikilize kama wengine." Akainuka. "Na begi unaweza kuja nalo."

Nilikwenda nalo. Sioni aibu kusema hivyo. Nililiacha nje ya baraza, mahali ambapo ningeweza kulifikia.

Akina mama walikuwa wamejaa mikekani, watoto wanacheza uani. Zuhura amekaa pembeni, amejifunika uso. Mama mmoja mwenye sauti kubwa, ambaye hadi leo ni rafiki yangu, alikuwa ameshaanza.

"Tumwulize huyu binti alikuwa anatazama nini."

"Alikuwa anaosha mtoto," nikasema. "Wa kuulizwa ni mimi."

Wakageuka. Nikawaambia yote: kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu, sikuwa nahesabu watoto, nilikuwa nahesabu viatu vyao mlangoni kwa miezi minne, na kwamba kama ningehesabu vichwa saa nne ningejua Mwajuma hayupo kabla uji haujapoa. Nilisema kwa sauti ya chini, si kwa hila. Ndiyo iliyokuwepo.

Yule wa sauti kubwa akauliza, "Kwa hiyo wangu angekuja peku, ungesema hajafika?"

"Ndiyo, dada."

"Na ndara zikija peke yake?"

"Ningezipa uji," nikasema.

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mwingine akasema, "Si vichekesho hivi. Nilisema tangu mwanzo, mwanamume na watoto wapi na wapi. Lifungwe." Wawili watatu wakaitikia. Nilimtazama Bi Tatu. Alikuwa anatazama mikono yake.

Hapo Mama Mwajuma akasimama. Akamweka mtoto mchanga begani.

"Likifungwa," akasema, "kesho Mwajuma namweka wapi? Kwenye mafuta?"

Akawatazama wale waliotaka lifungwe.

"Mimi nataka nione anavyohesabu. Watoto wako uani hapo. Ahesabu sasa hivi, sisi tukiona."

Nikashuka uani. Watoto wote thelathini na mmoja walikuwa humo wakikimbizana, mama zao wamejipanga barazani kama majaji. Nilianza na yule asiye na meno, nikamgusa kichwa, nikamtaja jina. Wa pili. Wa tatu. Nilipofika wa kumi na saba Mwajuma akadhani ni mchezo, akainama, akapita chini ya mkono wangu, akakimbilia upande niliokwishahesabu. Nikasimama. Ningeweza kuendelea, hakuna ambaye angejua. Nikasema, "Naanza upya." Nikaanza upya. Mara ya pili nikachuchumaa, nikawaita kwa sauti ya Bi Tatu, wakaja wenyewe wakanizunguka. Nikamaliza. Mwajuma alikuwa wa thelathini na moja, na nilimshika kichwa kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine.

Mama Mwajuma akauliza, "Kesho mnafungua saa ngapi?"

"Saa moja na nusu," nikasema.

"Mshike mwanangu mkono akifika. Kiatu akishike mwenyewe."

Kesho yake walikuja ishirini na wawili. Kwa wale tisa nilipita nyumba kwa nyumba, jioni baada ya baiskeli, si kuwabembeleza bali kujibu maswali. Nyumba nyingine nilitukanwa vizuri, nikaaga, nikarudi wiki iliyofuata. Saba walirejea. Wawili hawakurejea kamwe, na majina yao nayakumbuka kuliko ya wale waliokuja. Zuhura alirudi siku ileile. Hakunishukuru wala kunilaumu. Alinipa kata, akaniambia zamu ya chooni ni yangu kwa mwezi mzima.

Bi Tatu naye hakunisifu. Aliniuliza tu kama sasa naweza kuhesabu bila haraka.

Kutokana na siku ile tulitengeneza utaratibu mnaoutumia mpaka sasa, wa kila mtoto kuwa na mwenza. Asubuhi wanapangwa wawili wawili, na kazi ya kila mmoja ni kujua mwenzake yuko wapi. Ukiuliza ghafla, "Mwenzako yuko wapi?" lazima ajibu. Anayebaki peke yake tunampa mtu mzima awe mwenza wake, na mtu mzima huyo naye huulizwa. Mwajuma alikuwa mkali kuliko wote. Aliwahi kunisimamisha nikinywa chai, akanitaka nitaje mwenza wangu ni nani na yuko wapi. Nilikuwa sijui. Akaniadhibu kwa kunikatalia kukaa kwenye mkeka.

Miaka iliyofuata sitaieleza yote. Miguu yangu haikupona, ila niliipatia kazi. Nilipopata habari kwamba Makurunge kuna watoto wanaoshinda mashambani na mama zao, nilikwenda kukaa huko miezi mitano, tukafungua darasa kwenye ghala tupu. Bibi mmoja aliyeongea Kikwere zaidi ya Kiswahili ndiye aliyekuwa mwalimu bora pale, na mimi nilikuwa mpika uji. Nilifanya hivyo tena katika vijiji viwili vya kuelekea Saadani. Tofauti na zamani, kila nilipoondoka niliaga, na nilimwacha mtu anayejua majina ya watoto. Nimekaa na wenyeviti wa vijiji, maofisa wenye magari, na wageni wenye kamera. Sikuwahi kupata swali gumu kuliko yale ya akina mama wa mtaa wetu, kwa hiyo sikuwahi kutishika.

Bi Tatu alifariki. Kuhusu jinsi nilivyokuwa kiongozi baada yake sina la kusema, ufunguo wa stoo ulikuwa kwangu tu. Nilichokifanya miaka ile najivunia, na sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilikuwa mtu ambaye hawezi kukaa na kosa lake hata siku moja. Watoto wa miaka minne ndio walionikalisha, kwa kudai kiatu, kwa kukwepa mkono wangu, kwa kunipa shikamoo wakati sikustahili.

Mwaka jana magoti yangu yalianza kukataa kuchuchumaa, na mtu asiyeweza kuchuchumaa anawaongoza watoto kutoka juu, jambo ambalo hawalipendi. Nikamwachia Zuhura ufunguo. Lakini niliendelea kupita kila asubuhi kuangalia. Zuhura alivumilia.

Mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha kawaida cha wazazi. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na ndoo ya maji. Zuhura alikuwa anasema habari za mikeka mipya. Rehema, ambaye wengi wenu mnamjua, alikuwa na wiki sita tu tangu ajiunge. Akanyoosha mkono.

"Nina jambo," akasema. "Juzi, saa nne, nilihesabu nikapata pungufu mmoja. Tulimtafuta kama dakika kumi. Alikuwa amelala nyuma ya mikeka iliyokunjwa. Yeye hakudhurika, na nyumbani kwao hawakujua. Zamu ilikuwa yangu, na mwenza wake sikuwa nimempangia. Nimeona mjue."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama mmoja akaguna. Baba mmoja, siku hizi na wababa wanakuja, akataka kujua ni mtoto wa nani. Rehema akamtaja, na mama wa mtoto yule akasimama, akamsema sawasawa, maneno ambayo sitayaandika. Rehema alisimama akayasikiliza yote. Alikuwa ameushika ukingo wa mtandio, lakini hakukaa.

Yule mama alipomaliza akavuta pumzi, akauliza, "Haya. Na sasa mwenza wake ni nani?"

Rehema akamtajia. Yule mama akakaa. Zuhura akaendelea na habari za mikeka.

Nilikuwa nimeshajiweka sawa kusimama, mkono ukutani, nikitegemea watu wageuke kama walivyokuwa wakigeuka miaka yote ili wasikie Mjomba anasemaje. Nilisubiri. Hakuna aliyegeuka. Nikatoa mkono ukutani, nikavaa viatu vyangu, nikaondoka kabla kikao hakijaisha, na ndiyo siku ninayoihesabu kuwa ya kustaafu kwangu.